Wamaya walichuja maji miaka 2000 iliyopita, sasa ilikuwaje mji mkubwa ukabaki gofu?

Mchimba_Lambo
Wakuu salaam. Jana usiku nilikuwa nasoma mambo ya Wamaya wa kule Guatemala nikakosa usingizi kabisa. Kuna mji wao unaitwa Tikal, uko katikati ya msitu, hauna mto, hauna ziwa karibu, chini ni mwamba wa chokaa unaonyonya maji kama sponji, na kiangazi chao ni miezi minne mitano hivi kuanzia Januari. Bado waliishi hapo maelfu kwa maelfu kwa karne nyingi. Siri yao ni malambo. Viwanja vyote vya mji walivipiga lipu ya chokaa na kuviinamisha kidogo, mvua ikinyesha maji yanateremka yenyewe hadi kwenye bwawa. Tuta la bwawa la ikulu lina urefu wa mita 80 na kwenda juu mita 10, linashika kama lita milioni 75. Na kwenye bwawa moja linaloitwa Corriental watafiti walitoa ripoti mwaka 2020 kwamba wamekuta kichujio cha mchanga wa kwatzi na zeolaiti, madini ambayo hapo mjini hayapo, yalibebwa kutoka kama kilomita 30. Zaidi ya miaka 2000 iliyopita hiyo.

Sasa swali langu. Watu wenye akili hiyo, nguzo ya mwisho yenye tarehe pale Tikal ni ya mwaka 869, baada ya hapo kimya, mji unaliwa na miti. Waliangushwa na nini? Mimi nasema ukame. Karibuni.

Buda254
Ni hao walisema dunia itaisha 2012? Walishindwa kujua yao itaisha lini 😂

Shangazi_Tanga
@Buda254 hawakusema dunia itaisha, kalenda yao ilikuwa inamaliza duru moja inaanza nyingine, kama odometa ya gari ikifika tisa zote. Turudi kwenye maji.

Kilosa_Kwetu
Hawa jamaa ndio wale waliolima juu ya ziwa, wanatengeneza visiwa vya matope wanapanda mboga? Niliwahi kuona video. Na Machu Picchu si yao pia?

Dr_Udongo
@Kilosa_Kwetu umechanganya watu watatu mkuu. Machu Picchu ni ya Wainka, Peru huko, mbali sana. Visiwa vya matope ziwani ni chinampa, ni za Waazteki kwenye bonde la Mexico, na hao wamekuja karne nyingi baadaye. Ila hujakosea sana maana Wamaya nao walilima kwenye vinamasi. Kaskazini ya Belize wamekuta mashamba ya matuta yaliyoinuliwa, wanachimba mitaro kama gridi, udongo wanaurundika katikati, maji yanabaki mitaroni. Pulltrouser Swamp ni sehemu moja maarufu. Tope la mtaroni linachotwa linawekwa juu ya tuta, mbolea hiyo, unavuna hata kiangazi.

(Mie si daktari, hilo ni jina la humu tu, nimesomea kilimo ngazi ya diploma.)

Kilosa_Kwetu
Shukrani mkuu nimeelewa. Kama majaruba yaliyogeuzwa, sisi tunaweka maji katikati wao wanaweka udongo.

Bint_Siyu
Mleta mada umenikumbusha nyumbani. Sisi visiwani kwetu hatuna mto, na kisima ukichimba kidogo tu maji ya chumvi. Wazee walijenga majabia, ni kama birika kubwa la mawe lililopigwa chokaa, kuna sakafu pana ya kukingia mvua, maji yanaingia ndani yanakaa. Bibi yangu alikuwa anatukataza kupita na viatu kwenye ile sakafu, ukionekana umepita na viatu unachapwa na kufagia unafagia. Nimesoma kumbe Wamaya wa kaskazini Yucatán walikuwa na kitu hichohicho kinaitwa chultun, kinachimbwa kwenye mwamba umbo la chupa, mdomo mwembamba tumbo pana, ndani lipu, juu sakafu inainama kuelekea mdomoni.

Mchimba_Lambo
@Bint_Siyu safi sana. Hata Tikal chultun zipo nyingi tu.

Dr_Udongo
Hapo kuna marekebisho kidogo. Chultun za Tikal si za maji. Hazina lipu, na mwamba wenyewe unavuja, ukijaza maji asubuhi huyakuti. Za maji ni za milima ya Puuc kule Uxmal, Sayil, Labná, ambako maji ya ardhini yako zaidi ya mita 60 chini na hakuna wa kuyafikia kwa zana za mawe. Chultun moja ya kule inabeba lita elfu thelathini na kitu, kila ua lina yake.

Za Tikal kuna mtafiti mmoja Mmarekani, Dennis Puleston, alijaribu kuzitumia kama ghala. Aliweka mahindi, maharage, na mbegu za mti unaitwa ramón. Mahindi yalioza, mbegu za ramón zikakaa miezi na miezi bila neno. Ndipo akaja na hoja kwamba labda Wamaya walikula sana ramón. Wengine wakambishia, kwamba ramón ni chakula cha njaa tu. Jamaa huyo mwaka 1978 alipanda juu ya piramidi ya Chichén Itzá radi ikampiga akafa palepale.

Buda254
Weeh! Chaac alikasirika. Si huyo ndiye mungu wao wa mvua na radi?

Shangazi_Tanga
Huyohuyo. Usicheke.

Jembe_Halimtupi
Mie nina swali la kizembe. Kwani hawa Wamaya walipotea kabisa? Hawapo tena?

Msafiri_wa_Flores
Wapo mkuu, tena mamilioni. Nilifika Guatemala 2019 kwa kazi, nikakaa mji wa Flores siku nne, ni kisiwa kidogo ndani ya ziwa Petén Itzá. Dereva wetu alikuwa anaongea Kiq'eqchi' na mama yake kwenye simu, Kihispania anaongea na sisi. Nikamuuliza kijinga kama wewe, "Wamaya walipotelea wapi?" Akaniangalia kwenye kioo akasema, "Mimi nimepotea?" Nilinyamaza hadi tunafika.

Na hapo Flores ndipo palipokuwa na mji wa Waitza, nao ni Wamaya, Nojpetén. Wahispania waliuteka mwaka 1697. Kwa hiyo habari ya "waliisha 869" iangalieni vizuri, miji fulani iliachwa, watu hawakuisha.

Tikal yenyewe nilipelekwa. Lile bwawa la ikulu ukionyeshwa leo unaona bonde tu limejaa miti, nilipita juu ya tuta nzima bila kujua nipo juu ya tuta, nilidhani ni njia. Mpaka yule mwongozaji alipotuambia tugeuke tuangalie pande zote mbili, huku shimo huku shimo.

Mchimba_Lambo
Hapo kwenye kupita juu bila kujua nimepata picha kamili. Asante mkuu.

Ila bado nasimama na ukame. Kuna ziwa Chichancanab kule Yucatán, mwaka 2018 watafiti walipima maji yaliyonaswa ndani ya madini ya jasi chini ya ziwa, wakasema mvua ilipungua karibu nusu kwa mwaka kipindi kile, na miaka mibaya zaidi hadi asilimia 70. Halafu mwaka 2025 wakatoa vipimo vya jiwe la pangoni, lile linaloota kutoka chini kwa matone, likaonyesha kati ya mwaka 871 na 1021 kulikuwa na vipindi vinane vya mvua za msimu kufeli, kila kimoja angalau miaka mitatu mfululizo, kimoja kilienda miaka 13. Miaka 13! Sisi msimu mmoja wa vuli ukikata tunalia.

KijanaWaSame
Nakazia. Kwetu upareni tuna ndiva, vibwawa vya kukusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi unafunguliwa zamu kwa zamu. Mwaka ambao mvua hamna, ndiva ipo, mfereji upo, zamu zipo, maji ndo hamna. Teknolojia haizalishi maji.

Mzee_Kifimbo
Vijana mnakimbilia ukame sababu ndiyo habari ya siku hizi. Jibuni hili, kama ni ukame, kwa nini miji ya kusini yenye mvua nyingi ndiyo ilianguka mapema, na kaskazini kukavu ndiko Chichén Itzá na Uxmal zilistawi wakati huohuo? Ilitakiwa iwe kinyume.

Dr_Udongo
Swali zuri mzee wangu. Jibu la kawaida ni senote. Kaskazini mwamba umetoboka, paa la pango linaporomoka, unapata kisima cha Mungu kinachofika maji ya ardhini moja kwa moja. Chichén Itzá jina lenyewe linahusu mdomo wa kisima. Kusini ardhi iko juu, maji ya chini hayafikiki, unategemea ulichokinga. Lambo likikauka umekwisha.

Mzee_Kifimbo
Uxmal ina senote?

Dr_Udongo
😅 Hapana. Hapo umenibana, Uxmal ni chultun na malambo.

Mzee_Kifimbo
Ahaa. Basi endeleeni kunywa chai. Halafu kuna Dos Pilas, mji wa wababe kule kusini magharibi. Mfalme wao alikimbia mwaka 761, waliobaki wakabomoa mawe ya majumba ya kifalme kujenga ukuta wa kujihami uwanjani kwao wenyewe. Hiyo ni kama miaka mia kabla ya ukame wako mkubwa. Hapo ni vita. Tikal na Calakmul wamepigana vizazi na vizazi, kila mji mdogo unachagua upande. Watu walichoka na wafalme.

Mama_Zeru
Wakuu naomba kuingia na kitu kingine. Mleta mada umesema kichujio cha Corriental, lakini mwaka huohuo 2020 kuna utafiti mwingine wa mabwawa yaleyale ya Tikal. Bwawa la ikulu na bwawa la hekalu tope lake limekutwa na zebaki nyingi na alama za wale bakteria wa kijani-bluu wanaotoa sumu. Corriental halina. Yaani bwawa la mfalme ndilo lilikuwa chafu kuliko yote. Zebaki imetoka kwenye rangi nyekundu, yale madini mekundu waliyokuwa wanapaka kuta na kuzikia wafalme, mvua inaosha inateremsha bwawani. Na jiko la ikulu na jalala lake lilikuwa jirani na bwawa, fosfeti inaingia, bakteria wanasherehekea.

Nimefanya kazi eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, zebaki naijua. Mtu anaishika kwa mkono mtupu, anachomea kwenye karai la jikoni, watoto wako pale. Haiuwi leo wala kesho. Inakuharibu taratibu mpaka watu wanasema karogwa. Sasa fikiria ukoo mzima wa kifalme unakunywa hayo maji miaka mia mbili.

Buda254
So wananchi wanakunywa maji safi ya Corriental na mheshimiwa anakunywa zebaki? Hii nchi naitaka 😂😂

Bint_Siyu
Na yule bakteria huwezi kumchemsha ukamaliza sumu. Unamuua yeye, sumu inabaki. Tangi letu la juu liliwahi kuwa kijani, mfuniko ulipeperuka na upepo hatukujua wiki tatu, maji yananuka tope. Fundi akatuambia chemsheni tu. Hatukuchemsha, tulimwaga yote tukasugua, mimi ndiye niliyeingia ndani kusugua kwa sababu ndiye mwembamba.

Shangazi_Tanga
Hapo ndipo yungiyungi linapoingia. Ua lile la majini la kwao halipendi maji machafu, likistawi ujue bwawa liko vizuri, likifa ujue kuna jambo. Wafalme wao wamechorwa na mayungiyungi kichwani. Kuna mtafiti anaitwa Lisa Lucero ameandika sana juu ya hili, kwamba nguvu ya mfalme ilikuwa kwenye maji, kiangazi watu wanatoka mashambani wanakuja mjini kwa sababu ya lambo, wanalipa kwa kazi. Mfalme ni kama anasema, mimi nawaombea mvua na ninawatunzia maji. Mvua ikikata mara moja tunavumilia, ikikata mara ya tatu tunaulizana huyu anatufanyia nini. Watu wanabeba mizigo wanaondoka. Kwa hiyo Mzee_Kifimbo na mleta mada mnaweza kuwa mnasema kitu kimoja.

Mzee_Kifimbo
Hatusemi kitu kimoja. Yeye anasema kiu, mimi nasema kuchoka.

Fundi_Chokaa
Nimechelewa uzi ila naona hakuna aliyegusa kuni. Babu yangu alikuwa anachoma chokaa ya matumbawe, nimekaa kwenye tanuu toka mdogo. Unapanga magogo duara, mabichi na makavu, juu unamwaga mawe, unawasha, usiku kucha inanguruma. Magogo yanayoliwa pale ukiyaona utasikitika, na unachopata ni chokaa ya kupiga lipu nyumba chache. Sasa hao wanapiga lipu viwanja vizima, mapiramidi, mabwawa, tena wanarudia juu ya lipu ya zamani kila mfalme mpya akija. Msitu ulikwenda wapi? Bila msitu udongo unateremka, unajaza mabwawa tope, na mvua yenyewe inapungua. Wala hakuna haja ya kutafuta mchawi.

Dr_Udongo
@Fundi_Chokaa hoja nzito, na udongo ulioporomoka upo kweli, kwenye yale mabonde wanayaita bajo, ni kama mbuga zetu za udongo mweusi, masika unazama kiangazi unapasuka, kuna sehemu tabaka la udongo wa mmomonyoko ni nene sana. Ila mmomonyoko mkubwa sehemu nyingi ni wa mapema, kabla ya mji kufikia kilele. Baadaye walijifunza wakaweka makinga maji. Kule Caracol, Belize, mwaka 2009 walirusha ndege yenye laida, ile mionzi inayopenya majani, wakaona vilima vyote vimekatwa ngazi za mawe, kilomita na kilomita. Ni fanya juu ya Machakos lakini ya mawe. Na 2018 wakatoa ramani ya laida ya kaskazini ya Guatemala, kilomita za mraba 2,100, majengo zaidi ya elfu sitini, na wakakisia nyanda zote za chini zilikuwa na watu milioni 7 hadi 11. Watu wote hao huwezi kuwalisha kwa kufyeka na kuchoma tu kama tulivyofundishwa shule.

Jembe_Halimtupi
Kwani walikuwa wanalima nini hasa? Na ng'ombe wa kukokota plau?

Dr_Udongo
Hakuna ng'ombe, hakuna punda, hakuna jembe la chuma. Shoka la jiwe na kijiti cha kutobolea. Shamba lao linaitwa milpa, mahindi, maharage na maboga pamoja. Haragwe linapanda bua, boga linafunika ardhi. Na mihogo pia. Kule El Salvador kuna kijiji Joya de Cerén, kilifunikwa na majivu ya volkano, mwaka 2007 wakachimba wakakuta shamba la mihogo la matuta, yaani matuta yapo kama yamepigwa jana.

Kilosa_Kwetu
Kwa hiyo ugali na muhogo vyote vimetoka bara la Amerika! Sisi tunajisifu na vya watu.

Shangazi_Tanga
Na papai, na parachichi, na pilipili. Vingi vya hivyo Wareno walileta Afrika. Kasoro walituletea mahindi bila maelezo ya matumizi. Wamaya hawali mahindi hivihivi, wanayachemsha na chokaa yanalala humo, asubuhi ganda linatoka, ndipo wanasaga. Ile chokaa inafungua vitamini iliyofungwa ndani ya mahindi. Italia ya kaskazini walichukua mahindi wakaacha chokaa, watu wakaugua pelagra, ngozi inababuka, akili inaruka.

Jembe_Halimtupi
Hii chokaa ni hii ya kupaka ukuta??

Fundi_Chokaa
Usithubutu. Ya dukani ya rangi imechanganywa vitu.

KijanaWaSame
Bibi anaweka magadi kwenye makande ili yaive haraka na maganda yalegee. Si ndiyo kitu kilekile?

Shangazi_Tanga
Ukoo mmoja. Majivu pia wengine wanatumia. Ila sina uhakika kipimo, nisije nikaua mtu humu.

Mchimba_Lambo
Wakuu mmetoka kwenye malambo mmefika jikoni. Mzee_Kifimbo bado nakusubiri, kama ni vita, kwa nini hawakurudi vita vilipoisha? Miji inachomwa inajengwa tena kila mahali duniani. Tikal haikujengwa tena.

Mzee_Kifimbo
Nani arudi? Lambo lisilotolewa tope miaka kumi ni kinamasi. Kulitoa unahitaji watu elfu, watu elfu wanahitaji wa kuwaamrisha, na huyo wa kuamrisha ndiye waliyemkimbia.

Mama_Zeru
Na tope lenyewe lina zebaki.

Msafiri_wa_Flores
Halafu msisahau Lamanai, Belize, mji uko kandokando ya maji, haukuachwa, Wahispania waliukuta una watu. Waitza pia kisiwani ziwani. Waliokuwa na maji ya Mungu walikaa. Hapo nampa mleta mada pointi moja.

Mzee_Kifimbo
Pointi nusu. Palenque ilikuwa na vijito mpaka wakajenga mfereji wa mawe kuyaficha chini ya uwanja yasiwafurike, jina lao la kale lenyewe ni Lakamha', maji makubwa. Ilianguka mapema kuliko Tikal.

Mchimba_Lambo
Daah.

Buda254
Mzee ana silaha kila mfuko 😂

Jembe_Halimtupi
Wakuu mrejesho. Nimejaribu kwa majivu ya kuni, kikombe kimoja cha mahindi, nimechemsha saa nzima nikaacha yalale. Asubuhi nimesugua kwenye maji, maganda yanatoka kweli kama ngozi ya maharage, punje zimekuwa za njano na zinateleza. Nimeosha mara tano. Tatizo harufu, nyumba nzima inanukia kama mvua ya kwanza imepiga vumbi. Mke wangu ameuliza nani kaniagiza, nimemwambia Wamaya, sasa anataka kujua ni akina nani hao na nimejuana nao lini.